Siku 134 na Siku 53: Umbali na Muda wa Safari kati ya Bagamoyo na Tabora, 1857–1916

Ikisiri

Insha hii inachunguza uhusiano kati ya umbali na muda wa safari baina ya Bagamoyo na Tabora katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kulinganisha safari kadhaa ambazo tarehe zake zinajulikana, insha inaonesha kwamba njia ileile ilipitwa na msafara mmoja kwa zaidi ya miezi minne na msafara mwingine kwa muda usiofika miezi miwili. Tofauti hiyo haielezwi na umbali, wala haielezwi na mvua peke yake. Chanzo chake kikuu kilikuwa mapatano baina ya watu: wapagazi, wenye mizigo, na watawala waliomiliki maji na chakula njiani. Insha inahitimisha kwamba reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifupisha muda wa safari, lakini pia ilihamisha uamuzi kuhusu muda huo kutoka kwa watembeaji kwenda kwa serikali na kampuni.

1.0 Utangulizi

Kata ya Kitete katika mji wa Tabora inajulikana leo zaidi kwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kilomita chache kutoka mjini ipo Kwihara, mahali lilipohifadhiwa tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Eneo hili lote lilikuwa sehemu ya himaya ya Unyanyembe, na katika karne ya 19 lilikuwa njia panda ya bara. Kutoka hapa njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ya tatu ilishuka mashariki hadi Bagamoyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu walianza kujenga makazi yao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1850, mahali ambapo vitabu vya wakati huo vinapaita Kazeh. Hata hivyo, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani na pembe zao za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi Unyanyembe.

Swali la umbali kati ya Tabora na pwani linaweza kujibiwa kwa namba. Kwa mstari ulionyooka, Bagamoyo na Tabora zimetengana kwa takriban kilomita 690. Mtu aliyekwenda kwa miguu alitembea zaidi ya hapo, kwa sababu njia ilizunguka milima, ilitafuta vivuko vya mito na ilifuata visima. Swali la muda wa safari, kwa upande wake, halina jibu moja. Wanahistoria wengi wameutaja muda huo kwa kupita, kwa kawaida kwa kusema kwamba safari ilichukua miezi mitatu hivi. Makisio hayo si mabaya, lakini yanaficha jambo muhimu. Muda ulibadilika sana kutoka msafara mmoja hadi mwingine, na mabadiliko hayo yana mengi ya kueleza kuhusu nani alikuwa na nguvu juu ya njia hii.

Insha hii inaanza kwa kueleza njia na vituo vyake, kisha inalinganisha safari ambazo tarehe zake zinajulikana. Baadaye inachambua nafasi ya wapagazi na ya watawala wa njiani, inaangalia maana ya kusubiri kwa waliokaa Unyanyembe, na mwisho inaeleza mabadiliko yaliyoletwa na reli.

2.0 Njia na vituo vyake

Msafara uliotoka Bagamoyo ulianza kwa kuvuka Mto Kingani, ambao leo huitwa Ruvu, na kupita katika nchi za Wazaramo na Wakwere. Hatua hii ilikuwa na vijiji vingi na chakula cha kununua. Baada ya hapo njia ziligawanyika. Baadhi ya misafara ilipita kusini kwa njia ya Zungomero, na mingine ilipita karibu na Morogoro ya sasa na kuvuka tambarare ya Mkata. Wakati wa masika tambarare hiyo iligeuka kuwa kinamasi ambacho punda walizama na mizigo iliharibika.

Hatua ya pili ilikuwa milima ya Usagara. Msafara ulipanda na kushuka hadi Mpwapwa, kituo ambacho karibu kila msafara ulipumzika. Mapumziko hayo yalikuwa ya lazima, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Makali, yaani maji makali, ambako maji ya kunywa yalikuwa haba. Hatua ya tatu ilikuwa Ugogo, nchi kavu lakini yenye watu, mifugo na nafaka. Hatua ya nne ilikuwa pori la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa ukame wake na kwa uchache wa vijiji. Msafara uliotoka salama katika pori hilo ulifika Tura, na kutoka hapo ulikuwa umeingia katika nchi ya Wanyamwezi.

Watumiaji wa njia hii hawakuipima kwa maili. Kipimo chao kilikuwa siku, na siku yenyewe ilipimwa kwa kituo, yaani sehemu yenye maji na nafasi ya kupiga kambi. Mwendo wa kawaida ulianza alfajiri na kumalizika kabla jua halijawa kali. Palipokuwa hapana maji kati ya kituo na kituo, msafara ulilazimika kufanya mwendo ulioitwa telekeza. Watu walipika na kunywa mchana, wakaondoka alasiri, wakalala njiani bila maji, kisha wakafika kwenye maji kesho yake. Kwa hiyo siku moja ya Ugogo na siku moja ya Mgunda Mkali hazikuwa sawa kwa umbali wala kwa taabu.

Namna hii ya kuhesabu inaonekana pia katika maandishi ya Kiswahili ya wakati ule. Kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, kina ndani yake masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara. Tawasifu ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake aliishi Unyanyembe na kuoa katika ukoo wa mtawala Fundikira, nayo inasimulia mwendo kwa siku na miezi. Waandishi hawa waliijua njia kwa miguu yao, na msomaji wao alitaka kujua atalala wapi na atakula nini. Idadi ya maili isingemsaidia.

3.0 Safari kadhaa katika njia moja

Kumbukumbu za wasafiri wa Ulaya zina mapungufu mengi. Ziliandikwa na watu waliokuwa wageni, mara nyingi wagonjwa, na waliotegemea wakalimani. Faida yake moja ni kwamba zinatoa tarehe. Kwa kutumia tarehe hizo inawezekana kulinganisha mwendo wa misafara katika njia ileile ndani ya miaka isiyozidi 20.

Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni 1857. Waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba, na Burton mwenyewe alihesabu kwamba hiyo ilikuwa siku ya 134. Speke aliporudi na James Grant, aliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860 na kufika Kazeh mwishoni mwa Januari 1861, karibu miezi minne. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, baada ya miezi mitatu hivi. Verney Lovett Cameron aliondoka pwani mwishoni mwa Machi 1873 na kufika Unyanyembe mwezi Agosti.

Safari mbili nyingine zinaibadilisha picha hiyo. Stanley aliagana na Livingstone Unyanyembe tarehe 14 Machi 1872 na kuingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, yaani siku 53 baadaye. Alipofika pwani alituma kundi la wanaume wapatao 57 wampelekee Livingstone mahitaji na kumtumikia. Watu hao walifika kwake tarehe 14 Agosti 1872, na Livingstone aliandika kwamba walikuwa wametumia siku 74 kutoka Bagamoyo. Kundi hilo halikuwa na Mzungu hata mmoja.

Ikiwa umbali wa mstari ulionyooka utagawanywa kwa siku hizo, Burton alisonga mbele kwa takriban kilomita 5 kwa siku. Watu waliotumwa kwa Livingstone walisonga kwa kilomita 9, na Stanley katika kurudi kwake alisonga kwa kilomita 13. Hakuna barabara mpya iliyojengwa kati ya mwaka 1857 na 1872, wala hakuna daraja la kudumu lililowekwa juu ya Kingani. Njia ilikuwa ileile, na miguu ilikuwa ileile.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni majira ya mvua. Ushahidi wa tarehe hauyaungi mkono maelezo hayo. Burton, aliyekawia kuliko wengine waliotajwa hapa, alisafiri kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba, wakati ambao sehemu kubwa ya njia ni kavu. Stanley alirudi pwani kati ya Machi na Mei, katikati ya masika, akivuka maji yaliyofurika, na bado alitumia muda usiofika nusu ya ule wa Burton. Mvua iliongeza taabu ya safari, lakini si yenye kueleza tofauti ya siku 81.

Maelezo mengine ni uzoefu wa kiongozi. Hapa upo ushahidi mzuri wa mtu mmoja. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India na baadaye akarudi Zanzibar, alikuwamo katika msafara wa Burton, wa Speke na Grant, wa Stanley na wa Cameron. Aliijua njia kuliko mabwana wake wote. Hata hivyo, Cameron, ambaye Bombay alikuwa msaidizi wake mkuu, alikwenda polepole kuliko Stanley aliyemtangulia kwa miaka miwili. Ujuzi wa njia ulikuwa sharti la kufika. Haukutosha kuamua lini msafara utafika.

4.0 Nani aliamua mwendo

Jambo la kwanza lililoamua mwendo lilikuwa mzigo. Katika misafara ya njia hii mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Bidhaa zilizopanda kutoka pwani zilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na masango. Hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Msafara wenye mali nyingi ulihitaji watu wengi, watu wengi walihitaji posho nyingi, na kununua posho kulihitaji siku za kusimama. Burton alianza safari akiwa na wapagazi pungufu, akategemea punda ambao walikufa mmoja baada ya mwingine, na yeye na Speke walikuwa wagonjwa kwa sehemu kubwa ya safari. Stanley alipokuwa akirudi hakuwa na mali ya kupeleka bara. Alikuwa na watu wachache, mizigo michache na barua.

Jambo la pili lilikuwa mpagazi mwenyewe. Stephen Rockel, katika kitabu chake kuhusu kazi ya upagazi Afrika Mashariki katika karne ya 19, anaonesha kwamba Wanyamwezi waliokuwa wapagazi hawakuwa watumwa wala watu waliokokotwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, mila na heshima ya kazi yao. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele akiwa amevaa mavazi ya fahari, na ndiye aliyeamua wapi pa kusimama. Wapo waliosafiri na wake zao, ambao walibeba vyombo na kupika.

Watu hawa walikuwa na kalenda yao. Mvua za kwanza za Unyamwezi zilipokaribia, mwanamume mwenye shamba alitaka kuwa nyumbani. Mfanyabiashara aliyetaka kuondoka wakati huo alikosa watu au aliwalipa zaidi. Aidha, kwa kawaida mpagazi wa Kinyamwezi alikubaliana ujira wa safari nzima, ilhali waungwana walioajiriwa Zanzibar walilipwa kwa mwezi. Tofauti hiyo ilikuwa na athari kwa mwendo. Aliyelipwa kwa safari alipata hasara kila siku ya kukaa bure, na ndiyo sababu mojawapo ya misafara ya Wanyamwezi wenyewe kusifiwa kwa wepesi wake. Msafara ulipoendeshwa vibaya, posho ilipopungua au mzigo ulipozidi, wapagazi waligoma asubuhi kambini au walitoroka usiku. Wasafiri wa Ulaya waliandika kuhusu matukio hayo kama uvivu au hiana. Ukiyatazama kwa jicho la historia ya kazi, yalikuwa njia ya mfanyakazi kudai masharti yake mahali pasipokuwa na mahakama.

Jambo la tatu lilikuwa watawala wa njiani. Malalamiko ya wasafiri kuhusu hongo ya Ugogo ni mengi. Msafara ulisimama siku kadhaa kwa kila mtawala, nguo zilihesabiwa, zilikataliwa, ziliongezwa, mpaka ngoma ikapigwa kutangaza kwamba msafara umeruhusiwa kuendelea. Lakini Ugogo ni nchi ya mvua chache. Visima na mabwawa ambayo mamia ya watu na punda waliyatumia kwa usiku mmoja yalikuwa yamechimbwa na kutunzwa na Wagogo kwa ajili ya mifugo na familia zao. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo, ya chakula na ya usalama. Siku zilizotumika katika mapatano zilikuwa sehemu halali ya safari, kama ilivyokuwa kuvuka mto.

Jambo la nne lilikuwa vita. Mwaka 1861 Speke alikwama Kazeh kwa sababu Waarabu walikuwa wakipigana na Mnywa Sele, mtawala wa Unyanyembe waliyemwondoa madarakani. Nchi ilikuwa na njaa na wapagazi hawakupatikana. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Katika hali kama hiyo umbali wa kwenda Ujiji ulikuwa umeongezeka kwa kweli, kwa sababu njia fupi haikuwapo tena.

Kuna kundi moja ambalo hesabu hizi zote haziligusi. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo au kutiwa kongwa shingoni, wakipelekwa kuuzwa pwani. Hawakupatana ujira, hawakuchagua kituo, na aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani au aliuawa. Wapo wanaolifasiri jina la Bagamoyo kuwa ni bwaga moyo. Wengine wanaeleza kwamba ni mpagazi aliyeutua moyo wake baada ya kutua mzigo, na wengine kwamba ni mtumwa aliyeacha moyo wake bara. Tafsiri yoyote itakayokubaliwa, zote mbili zinaonesha kwamba mwisho wa safari ileile ulikuwa na maana tofauti kwa watu tofauti.

5.0 Kusubiri Unyanyembe

Wasafiri wa Ulaya walikuja na kipimo kingine cha muda vichwani mwao. London na Edinburgh zimetengana kwa reli kwa takriban kilomita 630, umbali unaokaribiana na ule wa mstari ulionyooka kati ya Bagamoyo na Tabora. Katikati ya karne ya 18 gari la farasi lilitangazwa kuwa litatumia siku 10 wakati wa kiangazi na siku 12 wakati wa baridi. Mwaka 1862, mwaka mmoja baada ya Speke kuondoka Kazeh, treni ya moja kwa moja ilianza kumaliza safari hiyo kwa saa 10 na nusu. Mtu aliyetoka katika nchi hiyo aliiona miezi minne ya Burton kuwa dalili ya nchi isiyo na utaratibu. Hakukumbuka kwamba babu zake walisafiri kwa siku nyingi, wala kwamba njia ya msafara ilikuwa na utaratibu wake.

Kwa aliyekaa Unyanyembe, muda wa safari ulikuwa muda wa kusubiri. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia tarehe 14 Machi hadi tarehe 14 Agosti 1872, miezi mitano kamili, akisubiri watu kutoka pwani. Katika muda huo Stanley alishuka pwani kwa siku 53, na watu wakapanda kwa siku 74. Jumla ni siku 127. Siku zilizobaki zilitumika Bagamoyo na Zanzibar kutafuta watu na mizigo. Livingstone aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti na hakurudi tena akiwa hai. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873.

Safari ya maiti yake ndiyo inayoonesha kwa uwazi zaidi kwamba njia haikuwa ardhi tu. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliikausha maiti na kuibeba hadi Unyanyembe, ambako walimkuta Cameron mwezi Oktoba 1873. Cameron aliwashauri wamzike palepale, nao walikataa. Walipoendelea mashariki walikuta upinzani wa wenyeji ambao hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Waliamua kuigeuza sura: waliifunga upya ikaonekana kama mtumba wa nguo, wakatawanya habari kwamba wameirudisha nyuma, na kisha wakapita. Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Walitumia zaidi ya miezi mitatu kutoka Unyanyembe, muda mrefu kuliko siku 53 za Stanley, lakini hakuna msafara mwingine uliobeba mzigo mzito kama huo kwa maana yake. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey. Kutoka Bagamoyo hadi London, kwa meli na kwa njia ya Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, mwili wake ulitumia muda mfupi kuliko ule ulioutumia kutoka Tabora hadi Bagamoyo.

6.0 Reli na muda mpya

Utawala wa Wajerumani ulifika Unyanyembe kwa vita. Mtemi Isike alipigana nao mpaka Januari 1893, ambapo ngome yake ilivunjwa naye akajilipua kwa baruti asikamatwe. Kwa karibu miaka 20 baada ya hapo Wajerumani wenyewe waliendelea kutegemea miguu ya wapagazi kama wote waliowatangulia.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wengi wa waliochimba tuta na kulaza mataruma walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, yaani watoto na wajukuu wa wapagazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora reli ina urefu wa takriban kilomita 840, ambao ni mrefu kuliko mstari ulionyooka. Lakini sasa safari iliyohesabiwa kwa miezi ilianza kuhesabiwa kwa siku na saa. Bagamoyo, ambayo reli haikuipitia, ilianza kupoteza nafasi yake kwa Dar es Salaam.

Faida ya mabadiliko haya haipingiki. Mzigo uliohitaji mamia ya mabega ulibebwa na behewa moja. Mgonjwa, barua na chakula cha wakati wa njaa viliweza kufika haraka. Hata hivyo, mabadiliko hayo yana upande wa pili ambao takwimu za mwendo hazionyeshi. Zamani Mnyamwezi alikwenda pwani kwa kazi aliyoipatanisha, kwa majira aliyoyachagua, na alirudi na nguo na shanga zake. Baada ya kodi ya nyumba kuanza kutozwa mwishoni mwa karne ya 19 na reli kufika, wengi walikwenda pwani kama manamba wa mashamba ya mkonge, wakiwa na mkataba ulioandikwa na mwingine. Safari ilikuwa ya haraka, lakini kurudi kulitegemea siku za kazi zilizotimizwa. Muda haukuwa tena jambo la kujadiliwa kambini asubuhi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionesha jinsi muda huo mpya ulivyokuwa dhaifu. Wajerumani waliporudi nyuma mwaka 1916 walivunja madaraja ya reli, na tarehe 19 Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora. Pande zote zilirudia upagazi, safari hii kwa kulazimisha. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ni kumbukumbu yao. Waliobeba mizigo mwaka 1916 walikwenda katika nchi ileile na kwa mabega yaleyale ya mwaka 1872. Kilichokuwa kimeondolewa ni haki ya kukataa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba katika njia ya Bagamoyo na Tabora umbali haukutosha kueleza muda wa safari. Siku 134 za Burton, siku 74 za watu waliotumwa kwa Livingstone na siku 53 za Stanley zilitokana na mizigo, posho, ujira, hongo, afya na amani ya nchi. Katika mambo hayo mpagazi na mtawala wa njiani walikuwa na sauti. Kwa hiyo muda mrefu wa safari haupaswi kusomwa daima kama ishara ya unyonge wa bara. Mara nyingine ulikuwa ishara kwamba wenye njia, wenye maji na wenye mabega walikuwa bado wanapaswa kuombwa.

Leo abiria wa reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hufika Tabora baada ya takriban mchana na usiku mmoja, na barabara ya lami inapita Manyoni na Itigi, karibu na lilipokuwa pori la Mgunda Mkali. Mwaka 2024 treni za reli mpya ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache, na ujenzi wa kuelekea Tabora unaendelea. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, ikiwa na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji miongoni mwa vituo vyake. Watakaoeleza historia ya vituo hivyo kwa wageni wana sababu ya kutaja siku pamoja na kilomita. Katika siku ndimo walimo watu.